Wageni Kutoka Kwetu

Mwalimu wetu wa kwaya alizikwa mwaka jana, mwezi wa mvua, na baada ya maziko sisi tuliobaki wa ile kwaya ya zamani tulikaa nyuma ya nyumba yake pale Moshi, kwenye viti vya kukodi, sahani za pilau mapajani. Wengine tulikuwa tumenenepa, wengine walikuwa wanatembelea fimbo. Haika, niliyekuwa nikiimba naye sauti ya kwanza tangu tukiwa wasichana, alimwita binti yake mkubwa aje anisalimie. Binti akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mama." Nikaitikia marahaba. "Huyu ndiye tuliyempelekea zawadi za watoto Masakta," Haika akamwambia. "Ile safari ya Krismasi ninayokusimulia kila mwaka, mwenyeji wetu ndiye huyu. Mwanangu, ungemwona! Ndoa mbichi, nyumba yake mwenyewe, watoto wamemzunguka kama vifaranga. Mimi nilirudi Moshi namwonea wivu." Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha Haika akanigeukia, akanishika goti. "Au nadanganya, Anande? Si ulikuwa na raha?" Nikamwambia tulifurahi sana siku ile. Ndivyo mtu anavyojibu msibani akiwa na pilau mapajani. Lakini njia nzima ya kurudi Katesh niliegemeza kichwa kwenye kioo cha basi nikiwaza jinsi watu wawili wanavyoweza kusimama kanisa moja, saa moja, mmoja akiwa kwenye sherehe na mwingine akitafuta pa kujificha.

Nilivyokutana na mume wangu Paulo, na maneno yaliyosemwa kwetu nilipochagua kuolewa mbali, nayaacha. Nianze na nyumba yetu ya Masakta. Ilikuwa ya vyumba viwili, ya matofali ya kuchoma, mabati juu, ukuta wake mmoja ukitazamana na ukuta wa kanisa kwa nafasi ya kupita ng'ombe mmoja. Chumba cha mbele kililala baiskeli ya Paulo na magunia ya sadaka ya mavuno, mahindi na mbaazi, kwa hiyo mgeni akija tulikaa kati ya magunia kama wafanyabiashara. Chumba cha ndani kilikuwa na kitanda, sanduku langu la bati, na dirisha dogo ambamo mlima Hanang ulijaa wote, isipokuwa siku za mawingu, na siku za mawingu zilikuwa nyingi. Ulikuwa mwaka ule ambao watu walikuwa wanajifunza kusema wao ni wa mkoa wa Manyara. Wazee walikuwa bado wakiulizwa kwao wanasema Arusha, halafu wanajirekebisha. Malori ya watu binafsi yalikuwa yanakuja mpaka mashambani kununua mbaazi, na kwenye mnada mitumba ilimwagwa chini kwa marundo, ukainama na kuchagua. Watu walisema dunia imefunguka. Mimi nilikuwa nimetoka mjini na kwangu ilikuwa imefungwa.

Paulo alikuwa mwinjilisti wa mtaa ule wa kanisa, na mtaa wenyewe ulikuwa mpana. Jumatano alipanda baiskeli yake kwenda kwenye vituo vya mbali, akarudi Jumamosi jioni, amechoka na vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa mtu mpole, na hilo sitaacha kulisema. Lakini upole wa mtu ambaye hayupo hauna joto. Siku hizo za katikati nilibaki na mabati yaliyokuwa yakilia jua likizidi, na chakula nilichopika kwa ajili ya mtu mmoja. Kwetu nilizoea ndizi. Pale nilijifunza ugali wa mtama na maziwa mgando, na nilikuja kuupenda, ila mwaka ule nilikuwa naula nikiwa nimesimama mlangoni ili nione watu wanaopita. Wenyeji wa pale ni Wairaqw, kama Paulo mwenyewe aliyezaliwa Tumati, na Kiiraqw sikukijua hata salamu. Wanawake walikuwa na adabu. Nikitokea walipokuwa wakipukuchua mbaazi, waligeuza maneno yakawa Kiswahili, na Kiswahili hicho kilikuwa kama kiti cha mgeni: kilitolewa nilipofika, kikarudishwa ndani nilipoondoka. Baada ya "mmeamkaje" na "mvua itakuja" tulikuwa hatuna la kusema. Nikiwapa kisogo nasikia mazungumzo yanaanza tena nyuma yangu, ya haraka, yenye vicheko.

Watoto ndio waliokuwa wangu. Nilipewa shule ya Jumapili, na watoto hawana kiti cha mgeni. Walinipandia mapajani, walinisahihisha nikikosea maneno ya kwao, wakagaagaa kwa kicheko. Jirani yetu wa karibu alikuwa mwanamke mzee anayeitwa Bibi Daria, mjane mrefu mwenye Kiswahili cha kuokoteza, ambaye hata Paulo alimwogopa. Mjukuu wake, Boay, mtoto wa miaka mitano hivi, alikuwa anakuja kwangu kila asubuhi kabla sijafungua mlango, anakaa kizingitini na kuimba nyimbo nilizomfundisha, maneno yote yakiwa yamevurugika. Kufikia Pasaka nilikuwa na mimba, na nilikuwa nimeanza kuiona ile nyumba kuwa kubwa vya kutosha.

Mimba ilitoka mwezi wa baridi. Paulo alikuwa amekwenda semina Nangwa. Nilikuwa uani naanua nguo, nikahisi maumivu, nikakaa chini, nikashindwa kuinuka. Bibi Daria ndiye aliyeniona kutoka kwake. Alipaza sauti, vijana wakaja na mkokoteni wa ng'ombe, wakatandika majani makavu na shuka, wakanipeleka zahanati. Nakumbuka kwamba yeye alitembea nyuma ya mkokoteni njia nzima, mbali kidogo, akiwaamuru vijana wasikimbize ng'ombe, na kwamba hakunigusa. Sikulitilia maanani. Nilirudi nyumbani baada ya siku chache, mwepesi kama debe tupu, nikawa nasubiri wanawake waje kunipa pole.

Hawakuja. Walitumwa vijana wa kiume, wakaacha kuni na kibuyu cha maziwa nje ya mlango, wakapiga hodi na kuondoka kabla sijafika. Bombani, wanawake waliponiona walisogeza ndoo zao, wakaniachia nichote kwanza, wenyewe wamesimama pembeni na watoto wao nyuma ya sketi. Mimi nilidhani ni heshima kwa mgonjwa. Niliwashukuru! Kila siku niliwashukuru, na wao wakatazama chini. Jumapili watoto wakapungua, ikafika mahali nikabaki na binti wawili wa mwalimu wa shule, ambaye alikuwa mgeni kama mimi. Boay hakuja tena kizingitini. Siku moja nilimwona njiani, ameangusha kijiti chake cha kuchungia, nikakiokota nikamnyooshea. Bibi yake alipiga ukelele kutoka shambani, ukelele wa mtu aliyeona nyoka, na mtoto akakimbia akaacha kijiti mkononi mwangu.

Jumamosi ile Paulo hakuwa hata amenawa nilipomwuliza. "Kuna kitu gani kwangu?"

Alikaa juu ya gunia. "Ni mambo ya zamani," akasema. "Mwanamke akipoteza mimba, wazee wanaona kuna balaa limemfuata. Anakaa peke yake kwa muda. Hagusani na watu, hasa watoto na wajawazito. Wanaogopea watoto, Anande. Hawakuchukii."

"Na wakristo?"

"Wengi wameacha."

"Bombani hawajaacha."

Nikamwuliza huo muda ni mpaka lini, akasema siku hizi hakuna anayejua vizuri, kila mzee anasema lake. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Alijibu kwa sauti ndogo sana. "Niliona haya. Nilikuoa nikakuambia kwetu tumeshaendelea." Nilikuwa nimesikia mahubiri yake mengi juu ya kutoogopa. Nilimtazama mtu yule mpole, mwenye vumbi kwenye kope, nikaona kwamba hili hatalihubiri, kwa kuwa safari hii lilikuwa limekaa nyumbani kwake. Sikumkasirikia kama ninavyoweza kumkasirikia leo. Nilihisi tu nimebaki peke yangu mara ya pili.

Miezi iliyofuata ninaikumbuka kwa kimya chake. Mikono yangu ilizoea kutoguswa. Siku za mnada nilikwenda Katesh kwa miguu, kwenye duka la vitambaa la Mama Zuhura, mama wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka Kondoa, ili tu anipokee kwa mikono yote miwili kama alivyompokea kila mtu. Alinikalisha nyuma ya meza yake, akanipa chai ya tangawizi na andazi, akanisimulia habari za wateja wake, na hakuniuliza kwa nini mke wa mwinjilisti anakaa nusu siku kwenye duka ambalo hanunui kitu. Duka lake lilikuwa na simu, na kwa simu hiyo ndipo habari ilipokuja. "Umepigiwa kutoka kwenu," akaniambia siku moja, macho yanamcheka. "Mwalimu wa kwaya. Wanakuja, kwaya nzima! Wanawaletea watoto wako wa shule ya Jumapili zawadi za Krismasi."

Nilitembea kurudi Masakta nikiwa sijui kama nacheka au nalia. Usiku na mchana nikawaza jambo moja tu: gari litakalokuja litarudi. Nilitoa nguo zangu kwenye sanduku la bati, nikazipanga kwenye mfuko wa safari, vitenge viwili, sweta, Biblia, nikausukuma chini ya kitanda. Sikumwambia Paulo. Ningesema nakwenda kuwasalimu wazazi, kama mke yeyote anavyoweza kwenda mwisho wa mwaka, na nikishafika Moshi nisirudi.

Walikuja Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi, wamelala Katesh, Landkruza ya usharika mbele na gari la mizigo nyuma. Walianza kuimba kabla hawajazima injini. Haika aliruka chini akanikumbatia kwa nguvu hata nikayumba, na nilipohisi mikono yake mgongoni nilishindwa kupumua. Hakuona. Alikuwa ameshageuka kutazama mlima. "Jamani, Anande, unaishi peponi!" Walikuwa na sare mpya za bluu, walikuwa wamechangisha mwaka mzima, wamefunga kila zawadi kwa karatasi yenye maua: sweta, daftari na kalamu, sabuni, peremende. Walikuwa watu wema. Ninalisema hili kwa moyo wote, kwa kuwa ningependa kuwakasirikia na sikuwahi kupata sababu. Nilijaribu kumvuta Haika pembeni. Nilimwambia, "Nataka nikuambie jambo," akasema, "Subiri, mpenzi, ngoja tupange zawadi kwanza," akanikabidhi boksi nibebe. Mwanakwaya mmoja mpya, ambaye hakunifahamu, alinisemesha polepole kwa sauti kubwa, kama mtu anayezungumza na asiyejua Kiswahili. Nilimjibu vivyo hivyo, polepole. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Kanisa lilijaa. Watoto ambao sikuwa nimewaona kwa miezi walikuwa wamekaa kwenye mikeka mbele, mama na bibi zao kwenye mabenchi, wanaume wamesimama ukutani. Paulo, ambaye wiki ile hakwenda vituoni, alitafsiri. Kwaya iliimba, Mwalimu akaomba, halafu akaniita mbele. "Zawadi hizi," akasema, "tunataka mama wa watoto hawa awape kwa mkono wake mwenyewe."

Wageni wakapiga makofi. Paulo hakutafsiri.

"Mwalimu, gaweni ninyi," nikasema. "Ninyi ndio wageni."

"Hapana, binti yangu. Sisi tunaondoka. Wewe ndiye unayebaki nao." Akaniwekea kifurushi mikononi.

Mbele yangu kabisa alikuwa Boay. Nilinyoosha kile kifurushi. Boay alinyanyuka nusu, akageuka kumtazama bibi yake, akabaki hivyo, amechuchumaa, hajakaa wala hajasimama. Hakuna mtoto aliyesogea. Kwenye mabenchi mama mmoja alimvuta wake kwa shati. Kimya kilikuwa kirefu hata nikasikia njiwa wakitembea juu ya mabati. "Wana haya, maskini," Haika alinong'ona nyuma yangu, na kwaya, kwa wema wao, wakaanzisha wimbo wa Krismasi ili kuwachangamsha. Nilisimama pale mkono wangu umenyooka huku watu wa kwetu wakiimba nyuma yangu kwa furaha, na mbele yangu watu wa pale wakiwa na hofu ya kweli kwa ajili ya watoto wao, na nikamtafuta Paulo kwa macho, naye alikuwa anatazama sakafu. Nimewahi kuzika tangu siku ile, nimewahi kulala hospitali peke yangu. Sijawahi kuwa peke yangu namna ile.

Bibi Daria akainuka. Alikuja taratibu, akapita kati ya watoto, akasimama mbele yangu, mrefu kuliko mimi. Nilidhani amekuja kumwondoa mjukuu wake. "Lete," akasema kwa Kiswahili. Sikuelewa. Hakungoja. Alishika mkono wangu, si kifurushi, mkono, kwa kiganja chake chote kikavu, akauinua juu pamoja na ile zawadi ili walio nyuma waone. Akawageukia akasema maneno kwa Kiiraqw, machache, bila kupaza sauti. Kisha akamwita Boay kwa jina. Mtoto akaja. Akapokea kutoka mkononi mwangu, na vidole vyake vilikuwa na jasho.

Si wote waliokuja. Nisipambe. Wanawake kadhaa waliwatoa watoto wao nje kimya kimya, na Haika, akidhani wamekosa nafasi, aliwapelekea zawadi huko huko. Lakini wengi walikuja, mmoja mmoja, na kila mkono mdogo ulioshika wangu niliuhisi mpaka begani. Nilikuwa nalia. Kwaya wakaona nalia, nao wakalia, kwa kuguswa na furaha ya Krismasi. Ndiyo siku anayoisimulia Haika.

Walikula wali na mbuzi haraka haraka, kwa sababu mawingu yalikuwa yameshaufunika mlima, na barabara ile ikilowa magari hayapiti. Mwalimu alikuja kuniaga, mlango wa Landkruza uko wazi. "Kuna nafasi moja mbele," akasema. "Hutaki kwenda kuwasalimu nyumbani? Paulo hawezi kukukatalia." Paulo alikuwa amesimama karibu nami. Niliona amejua. Pengine alikuwa ameuona mfuko siku nyingi. Mfuko ulikuwa hatua chache tu kutoka pale. Niliwatazama wote waliokwisha kupanda, sare za bluu, nyuso nilizokua nazo, wakinipungia, na nikaona jinsi itakavyokuwa: nitafika, nitaulizwa, na nitaanza kueleza, toka mwanzo, kwa watu ambao watasikitika sana na hawatajua ninasema nini. Hapa nilipokuwa sikuwa na haja ya kueleza. Kila mtu alikuwa anajua kilichonipata, hata wale walionikimbia. Walikimbia kwa sababu walijua.

"Mwalimu, nitakuja siku nyingine," nikasema.

Matone ya kwanza yalianguka kabla gari halijapotea kwenye kona. Niliingia ndani, nikautoa ule mfuko, nikaanza kurudisha nguo kwenye sanduku. Paulo alikuja akasimama mlangoni. Baada ya muda akapiga magoti upande wa pili wa sanduku, akachukua kitenge, akakikunja. Jumapili ya mwaka mpya alihubiri juu ya jambo lile, kwa Kiiraqw, akitaja nyumba yake mwenyewe, na alitetemeka mwanzo hadi mwisho. Wengine walitoka nje. Upweke wangu haukuisha kwa mahubiri wala kwa zawadi. Ulipungua kama matope yanavyokauka, hapa pamekauka na pale bado. Shule ya Jumapili ilijaa tena baada ya mwaka mwingine mzima.

Lakini asubuhi ya Krismasi yenyewe, baada ya ibada, nilikuwa nachemsha chai niliposikia hodi. Bibi Daria alikuwa mlangoni, kiatu kimoja kina matope. Miaka iliyofuata aliwapokea wanangu wawili kwa mikono ile ile, na mimi ndiye niliyemwosha miguu alipokuwa hawezi tena kutembea. Ila nikimkumbuka namwona asubuhi ile. Aliingia, akatazama magunia, akachagua moja, akakaa. Nikampa chai. Akanywa, na mimi nikanywa, mpaka nikashindwa kujizuia.

"Bibi, siku ile ulinishika mkono. Kwa nini?"

Alifikiri, akitafuta maneno katika lugha ambayo haikuwa yake, kama ambavyo haikuwa ya yeyote kati yetu.

"Wale ni watu wako?"

"Ndiyo, bibi."

"Wengi."

"Wengi, ndiyo."

"Hakuna mmoja alikuona," akasema. Akamaliza chai yake, akaninyooshea kikombe. "Ongeza. Na sukari usininyime."